Matuta Katikati ya Uwanja

Bado nina hasira, na ninacheka huku nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Uwanja wa mpira wa hapa Izia uko mbele ya mlango wangu. Ukiutazama asubuhi, umande haujakauka, utaona ardhi ina mawimbi mawimbi kama shuka iliyolaliwa na watoto wanne. Yale mawimbi ni yangu. Jembe sikushika, ila pombe nilipika mimi.

Nilikuwa na mpangaji Mjapani. Alikaa kwangu miaka miwili, chumba cha uani, alikuja kufundisha mpira vijana wetu. Mfupi, miguu imepinda kidogo, mtu mzima wa kama miaka arobaini hivi. Kila asubuhi ananiinamia mpaka naona utosi wake. "Shikamoo Bibi." Anainama tena. Siku za mwanzo mie nami nikawa nainama, basi tunainamiana pale uani, kuku wanatushangaa.

Jioni tunaota moto jikoni, maana baridi ya huku mnaijua, na yeye alisema kwao ni baridi zaidi. Hapo ndipo aliponisimulia mambo yake. Alianza mpira akiwa mdogo kabisa. Miaka ya mwanzo kazi yake ilikuwa kufagia uwanja na kuosha viatu vya wakubwa, mpira wenyewe anaugusa jua linazama. Akapanda, akachezea timu ya watu wanaolipwa, siyo ile kubwa kabisa, ile inayofuata.

"Ulikuwa hodari?" nikamuuliza.

Akafikiri. Huyu ukimuuliza kitu anafikiri kweli, hajibu ili akupendeze.

"Hodari kidogo, Bibi. Sana, hapana."

Halafu akapandisha suruali nikaona goti, lina mshono kama gunia la mahindi. "Goti limekufa," akasema, "mimi nikawa kocha." Akafundisha watoto kwao miaka mingi, ndipo akaletwa huku kwetu. Nikamuongezea ugali wa ulezi. Ningefanyaje tena?

Sasa hapa kwetu akakutana na vijana wetu. Yeye anasema kabla ya mazoezi kila mtu afyeke na kufagia uwanja. Wao hawataki. Nahodha wao ni mjukuu wa dada yangu, fundi pikipiki kule Kizwite, mdomo kama cherehani. Nikamwita.

"Wewe, kwa nini hamumsikilizi kocha?"

"Bibi, kufyeka nyasi si adhabu ya shuleni? Tumemkosea nini?"

"Mwenyewe mbona anafyeka?"

"Anapenda, Bibi. Mwache mshikaji afurahi."

Mshikaji! Mtu anayelingana na baba yake.

Basi akawa anafyeka peke yake, goti lile bovu, wenzake wamekaa kwenye tofali wanamtazama. Mie nilikuwa nikichungulia dirishani kwa uchungu. Na ubaya wa nyasi za huku, mvua zikinyesha unafyeka leo, kesho zimerudi. Wakubwa wa mpira wakija kukagua wanatikisa kichwa, uwanja haufai. Misimu miwili timu yetu ikacheza ugenini tu. Hata mechi moja ya nyumbani kocha hakuwahi kuipata.

Ikafika mwisho wa mvua, na muda wa kocha umekwisha. Ilibaki mechi ya Jumapili na timu ya Chala, Jumatatu yeye apande basi arudi kwao. Mkaguzi akasema atapita Jumamosi. Akikuta uwanja safi, mechi itachezwa hapa Izia. Akikuta nyasi, wanakwenda Chala.

Kocha akaniambia jikoni, anatazama moto: "Bibi, moja tu. Nyumbani. Wewe unakaa mlangoni, unaona."

Jamani. Ningelala na neno hilo?

Nikasema hawa vijana wameshindikana, nitaita wazee wenzangu. Sisi Wafipa tunajua kazi ya kusaidiana: mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, kimpumu, majirani wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, kazi ya wiki inakwisha kwa siku moja. Nikapika. Nikapita nyumba kwa nyumba: Ijumaa alfajiri njooni mtoe nyasi zote uwanjani. Kocha sikumwambia, nilitaka ashtuke kwa furaha. Ijumaa hiyo mwenyewe alikuwa mjini anahangaika na barua zake za safari.

Walikuja wengi! Wanaume kwa wanawake, majembe begani, nikasikia raha. Nikawaonyesha uwanja, nikawaachia mtungi mmoja wa kuanzia, nikarudi kuchuja mingine. Mie na uzee wangu nilidhani kazi ya nyasi haihitaji msimamizi.

Mchana nikatoka na mtungi kichwani. Nikasimama. Mtungi nusura uniponyoke.

Walikuwa wamepiga matuta.

Yale matuta yetu ya duara, ya kila mwaka mvua zikiishia: unakata nyasi, unazikusanya fungu, unazifunika na udongo juu zioze ziwe mbolea. Mikono ya watu hawa imefanya hivyo tangu wazaliwe. Nusu nzima ya uwanja, kuanzia golini mpaka katikati, matuta yamepangwa, mazuri, mistari imenyooka. Shamba ungelitamani.

"Mmefanya nini?" nikapiga kelele.

Mzee wa nyumba ya tatu akajifuta jasho, anatabasamu, kimpumu kimeshampanda. "Umesema tutoe nyasi, mama. Zimetoka. Unaona hata moja?"

"Huu uwanja wa mpira!"

"Kwani nyasi nzuri namna hii tungezitupa? Tumekosa akili?"

"Na maharage yatakubali hapa," mwanamke mmoja akadakia. "Udongo mweusi huu, tulikuwa tunauchezea bure."

Nilitamani kulia, nikacheka, nikatamani kulia tena.

Kocha akarudi saa tisa. Akasimama penye mstari wa goli, mkononi kabeba mfuko wa chokaa ya kuchorea. Akatazama tuta moja moja. Nilimwendea nikamwambia yote, ni mimi, pombe ni yangu. Nilisubiri anifokee, angenifokea ningepona. Akaniinamia. "Asante, Bibi." Akavua viatu vizuri, akachukua jembe la yule mzee, akaanza kusawazisha.

Sisi nasi tukasawazisha, kwa aibu, mpaka giza. Lakini tuta lililopigwa na Mfipa halivunjiki kirahisi, ukilivunja nyasi zinatoka kama pamba ya godoro. Jumamosi mkaguzi akaja, hata kwenye pikipiki hakushuka. Akasema, "Hapa mnalima nini?"

Wakacheza Chala. Wakafungwa tatu kwa moja. Mie sikwenda. Nahodha alinisimulia kwamba filimbi ya mwisho ilipolia kocha aliuinamia uwanja wa watu, akaokota chupa za maji zote, zetu na zao. Jumatatu nikampa kifuko cha unga wa ulezi, akapanda basi. Ndiyo basi.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi zaidi. Baada ya miezi mitatu, kiangazi, ardhi imeshikana kidogo, mkaguzi kaukubali uwanja. Siku ya mechi natoka misa ya kwanza, nafika mlangoni, nakuta vijana wote uwanjani na mafyekeo na mifagio. Nahodha mbele, anafagia penye goli kama mwanamwali.

"Nani kawatuma?" nikauliza.

"Hakuna, Bibi. Tunafagia tu."

"Leo? Leo ndiyo mnafagia? Miaka miwili mtu anawafyekea mmekaa kwenye tofali!"

Akainamisha kichwa, akaendelea kufagia. Nikaingia ndani, nikatoa kigoda kile alichokuwa akikalia kocha jikoni, nikakiweka mlangoni, nikakaa kutazama. Kila mpira ukipita katikati ulidunda kwenye tuta ukaenda unakotaka wenyewe, watu wakacheka. Mie sikucheka. Tulishinda moja bila, na aliyetaka kuiona hayupo.