Nkwenda: Mama ajuaye kila wimbo unapakana na upi

Saa mbili asubuhi, siku ya gulio, mwaka 1996. Kokwijuka Yustus anafungua kibanda chake cha mbao pembeni mwa soko la Nkwenda, anafuta vumbi kwenye redio kaseti kwa ncha ya kitenge, kisha anaunganisha nyaya mbili kwenye betri ya gari iliyo chini ya meza. Hajakaa bado, na mteja wa kwanza yuko dirishani.

Mteja ni mzee mwenye kofia ya pama. Hajui jina la wimbo anaoutaka, wala aliyeuimba. Anachojua ni kwamba ulipigwa kwenye harusi ya Evaristi kule Ihanda, mwaka ule upepo ulipoangusha migomba, na kwamba mashemeji walinyanyuka wote wakaacha pombe yao ya ndizi, rubisi, mezani.

"Imba kidogo, baba," Kokwijuka anamwambia.

Mzee anaona haya. Anakohoa, anatazama huku na huku, kisha anaimba mstari mmoja na nusu kwa sauti ambayo kwaya yoyote ingeiomba ikae nje. Kokwijuka amefumba macho. Anavuta daftari moja kati ya kumi na moja, anafunua kurasa chache na kuweka kidole. Haipiti dakika tano, wimbo unalia kibandani.

"Mawe! Ndio huo huo!" mzee anapiga kelele, akijipiga paja.

Mwandishi wa makala haya alifika Nkwenda kuandika habari za kahawa. Kahawa ilibidi isubiri.

Kokwijuka ana umri wa miaka thelathini na minane na watoto watatu. Ana kaseti 214, na ndani ya madaftari yake ameorodhesha nyimbo zaidi ya elfu mbili: za dansi, za kwaya, za ile ala ya nyuzi ya huku iitwayo nanga, na nyingine alizorekodi mwenyewe harusini na kwenye sherehe za ubatizo. Kunakili kaseti nzima anatoza shilingi mia sita. Siku ya gulio hupata wateja wanane au tisa, lakini siku nyingine hata mmoja haji, na kila baada ya siku tano betri hupandishwa kwenye baiskeli kwenda kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga.

Kazi hii alijifunzia mahali ambapo hakuna muziki. Alipomaliza darasa la saba alipata kibarua katika ghala la kahawa, akawa anafunga kadi kwenye magunia.

"Gunia halina mdomo," anasema. "Ukikosea kadi, kahawa ya Ildefonsi inakuwa ya Rwegoshora, na majirani wanafikishana barazani. Kaka yangu aliponiletea redio kaseti mwaka 1981, nikaona kaseti nazo ni magunia tu. Zimejaa, na hazisemi zina nini."

Akaanza kuziwekea kadi. Redio ile ilikuwa na kidude cha namba kinachozunguka kaseti inapokwenda, naye kwa kila wimbo akaandika namba unapoanzia. Aliandika hivyo kwa miaka kumi. Mwaka 1991 redio ikafa. Akanunua nyingine, kumbe namba zake zinakwenda kwa mwendo tofauti kabisa.

"Nilitafuta wimbo wa bwana harusi nikaangukia mahubiri ya msiba, na mteja amesimama pale," anasema, na sasa anaweza kucheka. "Nililia, siwezi kukuficha. Madaftari yote yalikuwa yamekufa pamoja na redio."

Dawa ilikuja na mgeni aliyepita njiani akiulizia nyumbani kwa fundi baiskeli aitwaye Elpidius.

"Nikamwambia, pita kibanja cha Rwegoshora, ukiacha migomba ya mama Kokubanza geuka, ukifika kwa Kemilembe ujue umepitiliza. Mgeni akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama na ungo mkononi. Nikajiuliza, hivi kwetu hapa nani anatafuta nyumba kwa namba?"

Alirudi ndani akaanza upya. Miaka miwili alisikiliza kila kaseti, na safari hii hakuandika namba. Aliandika wimbo, akaandika uliotangulia na unaofuata, kama mtu anayetaja mipaka ya kibanja. Redio ikifa leo, majirani hawahami.

Halafu akaongeza safu ya tatu, na hapo ndipo mwandishi alipobaki kinywa wazi. Chini ya kila wimbo kuna majina ya watu walioupenda, na mwaka waliochukua nakala; wale wa zamani aliwaandika kwa kumbukumbu. Kokwijuka anasoma majina yaliyo chini ya wimbo wa mzee mwenye pama. Anafunua daftari jingine, anaona watatu kati ya watu hao walipenda pia wimbo mmoja wa nanga ambao mzee hajawahi kuusikia. Anampigia. Mzee anasikiliza, kofia ameivua. Anachukua zote mbili.

"Mimi simchagulii mtu," anasema mama huyu. "Namwonyesha ndugu zake wa masikio. Wengine hawajawahi hata kuonana."

Mwandishi amewahi kuingia katika maktaba zenye ghorofa. Hakuna iliyowahi kumuuliza anafanana na nani.

Saa nne anafika msichana aliyevaa viatu vyenye matope ya safari. Anaitwa Anonciata, anatoka Ihanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta upi?"

"Wa baba."

Baba yake, Gaspari, alikuwa mpiga nanga. Wazazi wake waliingia Karagwe wakitokea Rwanda, naye alilima vibarua mchana na kupiga nanga penye shughuli. Dada mkubwa, Mukakalisa, alipotolewa nyumbani kwenda kuolewa mwaka 1985, Gaspari alimtungia wimbo wa kumuaga, na Kokwijuka ndiye aliyerekodi. Gaspari alifariki mwaka 1990. Jumamosi hii ni zamu ya Anonciata.

"Kwetu binti hatoki mlangoni mpaka baba amuage," anasema, akiangalia meza. "Baba wadogo wapo, watasema. Lakini mimi namtaka yeye."

Kokwijuka hajawahi kufunua daftari taratibu hivyo. Anasoma kwa sauti: "Gaspari wa Ihanda, nanga, kumuaga binti. Kabla yake hotuba ya mshenga. Baada yake vigelegele." Anaweka kaseti. Mshenga anahutubia, anahutubia, mshenga gani huyu asiyechoka. Kisha kinasikika kishindo kidogo, na kwaya ya vijana inaanza kuimba.

Kokwijuka anarudisha nyuma. Mshenga, kishindo, kwaya. Anarudisha tena.

Anazima redio.

"Wimbo wa baba yako nimeula mimi," anasema. "Mwaka juzi, nikiwa nimeshamaliza madaftari, kaseti tupu ilikuwa haipatikani. Kwaya walikuja kwa haraka, nikadhani nimegeuza upande. Sikugeuza, nikarekodi juu yake. Nisamehe, mwanangu."

Anonciata anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anaficha uso kwenye kanga. Nje watu wanapatana bei ya maharage.

Ni Kokwijuka aliyerudi kwenye daftari. Kidole chake kilishuka hadi safu ya tatu. Palikuwa na jina moja tu: Cassian, Bweranyange, 1985.

Saa sita, pikapu ya mnunuzi wa kahawa iliyompakia mwandishi ilikuwa njiani kwenda Bweranyange, redio na betri zikiwa zimefunikwa gunia nyuma. Kokwijuka alikuwa amefunga kibanda siku ya gulio, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu azae mtoto wa mwisho.

Cassian, mkulima wa kahawa mwenye mvi, aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Akaingia ndani. Alirudi na kifurushi cha majani makavu ya mgomba yaliyofungwa vizuri, kama watu wa huku wanavyofunga kahawa ya kumpa mgeni. Ndani yake mlikuwa na kaseti.

"Nilivunja meno yake siku ile ile," alisema, akionyesha matundu mawili mgongoni mwa kaseti, palipokuwa na vipande vya plastiki ambavyo vikitolewa redio haiwezi kurekodi juu yake. "Wajukuu hawa wangenirekodia kuku."

Mshenga alihutubia. Kisha nanga ikaanza, pole pole, na sauti ya mwanamume ikaingia. Alimtaja Mukakalisa, akataja kilima alichozaliwa, akamwambia asitembee akitazama nyuma. Anonciata alikuwa amepiga magoti mbele ya redio. Karibu na mwisho nanga ilinyamaza, na Gaspari akasema bila kuimba: "Na wadogo zake nao, mmoja mmoja, nimewaaga. Njia ni hii hii."

Msichana alilia kwa sauti. Cassian alivua kofia. Wakati vigelegele vikipungua, sauti ya Gaspari ilisikika tena, karibu kabisa na kinasa sauti.

"Kokwijuka, umeshika?"

Na sauti ya mwanamke kijana ikajibu: "Nimeshika, mzee. Hautapotea."

Kokwijuka wa leo alikuwa amesimama kando ya betri, mkono mdomoni.

Cassian alikataa kabisa kuiachia kaseti yake, ila alikubali yeye mwenyewe aje nayo Nkwenda Ijumaa ikanakiliwe.

Wakiwa njiani kurudi, mama huyu alieleza mpango wake. Kwanza atavunja meno ya kaseti zote 214. Kisha, kila wimbo alioushika mwenyewe atautolea nakala tatu, azipeleke kwa watu walio katika safu ya tatu, bure, wamtunzie. Anakisia itamchukua miaka minne, kama redio itavumilia.

"Wimbo usikae nyumba moja," alisema. "Hata mimi mwenye daftari si wa kuaminiwa peke yangu."

Gari lilikuwa linaruka mashimo. Aliegemeza daftari kwenye goti la Anonciata, na chini ya jina la Cassian akaandika la msichana huyo, kwa mwandiko uliopinda pinda. Kisha, kwa mara ya kwanza katika madaftari yote kumi na moja, akaandika hapo la kwake.