Vitabu vya Magari ya Zamani Vimenitenga na Binti Yangu

Admin, nifiche jina tafadhali, hapa kisiwani kwetu Kipungani mtu hujulikana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili. Shule niliishia darasa la tatu, nikikosea kuandika mnisamehe. Kazi yangu ni mikeka. Baba watoto yuko Mombasa kikazi, nyumbani ni mimi na binti yangu wa mwisho, ana kumi na saba.

Zamani alasiri tulikaa barazani, yeye asuka ukili, mimi naushona uwe mkeka, na ya moyoni mwake yote aniambia. Kisha akaja mwalimu mwanamke kutoka bara, mtu mzuri, sisemi uongo. Alikuja na kasha la riwaya za Kiingereza, zote za mashindano ya magari ya zamani. Madereva, injini, ajali, nani kampita nani. Na magari yenyewe sisi twayaona tukivuka bara, Mokowe. Mwanangu akazama humo. Ukili bado asuka, vidole havihitaji macho, lakini macho yako kitabuni na mazungumzo ni ya mwalimu.

Siku moja mwalimu yuko kwetu, nikawaambia nisomeeni na mimi. Binti akanifasiria, dereva yuko kwenye kona, gurudumu limechomoka. Nikauliza, "Na mamake ajua kama mwanawe yuko hapo?" Wakacheka wote wawili. "Mama wee, humu hamna mama. Mna gari." Mwalimu akamwambia, "Usimcheke mama yako," na yeye mwenyewe ajifuta machozi ya kicheko. Niliingia jikoni nikakuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo.

Jirani yangu hunitania, "Kwani mwalimu ni mke mwenzio?" Nacheka, lakini ndivyo ninavyohisi. Nikisikia hodi yake, naingia jikoni kabla hajakaa.

Sasa mwalimu amepata uhamisho, arudi bara. Alikuja kwa heshima: "Mama, likizo hii niruhusu niende naye. Wasomaji wenzetu wa vitabu hivi watakutana huko, na magari ya zamani yatashindana. Nitamrudisha mwenyewe." Babake kwa simu asema, "Mimi sina neno, mama ndiye wewe." Binti yangu hata hakuniomba. Alisema tu, "Mama, ukisema nisende, sendi. Wala sitanuna."

Heri angenuna. Mwalimu simwogopi kwa ubaya. Naogopa mwanangu atarudi, akae pale pale barazani asuke, asiwe na la kuniambia kwa sababu sitajua hata jina la kitu alichokiona. Na nikimzuia, naogopa atakaa nami kwa adabu, kama mgeni.

Jana nilimpangia begi lake. Leo asubuhi nimelipangua. Amenitazama, akaendelea kusuka.

Boti ni Jumamosi. Wazazi wenzangu, mliowahi kumwonea wivu mtu aliyemtendea mwana wenu wema, nambieni. Nimwachilie au nimshike?