Makande ya Uwanjani

Leo nimeitwa mchawi mbele ya mume wangu, na harusi yetu haina hata mwezi!

Mnajua Masanja wangu ndiye mwalimu wa timu yetu ya kikapu hapa Shinyanga. (Jamani, akipuliza ile filimbi, moyo wangu unaruka.)

Leo tulicheza na Geita. Aliniomba nikae pembeni na ungo, ndani yake nimechora uwanja kwa mkaa. Geita wakirusha mpira ukaingia, naweka punje ya hindi mahali waliporushia. Wakikosa, naweka haragwe.

Kufika mapumziko, upande wa kulia ulikuwa maharage matupu. Masanja akachungulia, akanikonyeza, akawaambia vijana wawasukumie Geita huko huko.

Geita wakaanza kukosa. Wakakosa tena. Na tena.

Nahodha wao akauona ungo. "Refa! Huyu mama anapiga ramli!"

Refa akaja kakunja uso. Akiamini ni uganga, tunanyang'anywa mchezo. Nikieleza ukweli, siri ya mume wangu imekwisha.

Nikavuruga ungo wote kwa mkono. "Ramli gani, shemeji? Nachambua makande ya mume wangu."

"Uwanjani?"

"Bibi harusi anapumzika saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko, refa naye. Tukashinda!

Lakini nahodha hakuridhika. "Kama ni makande kweli, tunakuja kuyala."

Yuko uani sasa hivi na timu nzima, macho jikoni, nami nina zile punje za ungo tu. Nifanyeje, wapenzi? Semeni upesi, maji yameshachemka.