Madafu Ndani ya Rejeta

Miaka ile bendera mpya ilipopandishwa, mzungu mmoja wa Diani alirudi kwao, na mume wangu akalinunua gari lake. Lilikuwa kuukuu, la kubebea mizigo, na lilichemka kama sufuria ya mihogo.

Kisha mwanangu akaposa Kwale. Watu wa Kwale tuliwajua. Ukipeleka sanduku la nguo za bibi harusi ukafika na aibu, shangazi zake wanakufungia mlango na kukuimba kwa dhihaka mpaka uzeeke. Mume wangu akaapa kuwa sanduku letu litafika garini, si kichwani.

Akalipeleka gari kwa fundi wa Ukunda. Rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, ikatolewa kutu, maana kisima chetu cha Msambweni kina chumvi, ikalehemiwa. Mipira ya kupitishia maji ikabadilishwa, na feni kubwa ya lori bovu ikafungwa. Fundi akaonya: maji ya mvua tu. Nikajaza debe zima kutoka pipa langu la mvua.

Siku ya kupeleka sanduku tukatoka mimi, mume wangu na wifi yangu. Tulipofika Tiwi ilikuwa adhuhuri, na birika la msikiti lilikuwa kavu. Mimi nilikuwa na udhu wangu tangu nyumbani. Nilipomaliza kusali nikalikuta debe tupu.

"Maji ya gari yako wapi?" nikamwuliza wifi yangu.

"Nimeona maji safi, na watu hawana udhu. Tuache sala kwa ajili ya gari?"

Mume wangu alikuwa akijifuta miguu.

"Na wewe umetawadha kwa maji gani?" nikamwuliza.

Akaitazama miguu yake. "Rejeta imejaa," akasema. "Na feni ni ya lori."

Katikati ya mlima wa Kwale mpira mmoja ukachomoka, maji yote yakamwagika njiani. Mume wangu akaufunga kwa kipande cha kanga ya wifi, tukangoja injini ipoe. Maji hayakuwapo. Palikuwa na madafu ya kuwapelekea wakwe.

"Dafu ni baridi," akasema. "Mgonjwa wa homa hupewa nini?"

"Mgonjwa ana tumbo, bwana. Hiki ni chuma. Na dafu lina sukari."

"Basi libebe sanduku kichwani."

Nikamletea madafu. Akakata dafu moja baada ya jingine, akamimina. Gari likapanda. Kufika mlangoni likatoa moshi mweupe, na mtaa mzima ukanukia kashata za nazi.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeziba kizingiti.

"Hatufungui. Kashata twazinusa, hatuzioni. Mmezila njiani, wakwe?"

Mume wangu akaanza kueleza habari za mpira. Nikamkanyaga mguu.

"Hatujala," nikasema. "Tumekuja nazo zingali jikoni. Mpishi ni huyu."

Wakamtazama. Kanzu yake ilikuwa imeganda sukari ya madafu mpaka viwikoni. Wanawake wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Shangazi akamfunga kanga kiunoni, akampa mwiko, akarudi kuziba mlango.

"Mpishi hapokelewi mikono mitupu. Kakoroge pilau yetu kwanza, ndipo sanduku liingie."

Mume wangu hakuwahi kushika mwiko tangu anioe. Akanitazama mimi, akalitazama sanduku, halafu akazunguka hadi uani kando ya nyumba na kukoroga, uso kama wa kadhi.

"Chini kunaungua, baba mkwe," shangazi akamwambia, na mkono mmoja akauondoa kizingitini, akashika upande wa pili wa sanduku. "Haya, mama, nyanyua. Tuingie kabla hajaonja."