Masomo ya Kuvua kwa Unyoya

Mwaka ule nilikuwa na diploma ya chuo kikuu na hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kunipa. Nilikaa Gihosha kwa mama, nikisoma magazeti ya zamani na kubishana na redio. Ndipo mzee mmoja wa parokia yetu, mstaafu wa idara ya maji na misitu, alipotangaza baada ya misa kwamba kila Jumamosi asubuhi atafundisha kuvua kwa unyoya, kama alivyojifunza alipokuwa mwanafunzi Ulaya. Humpi samaki nyungunyungu. Unafunga manyoya kwenye ndoano ndogo yafanane na mdudu, unayatua juu ya maji, samaki anadanganyika. Nilijiandikisha kwa sababu nilitaka kumwona mtu mwenye akili timamu akieleza jambo hilo katikati ya vita.

Mama alikubali kwa sharti kwamba tuende wote. Hakuvutwa na uvuvi. Hakutaka nitoke peke yangu. Kaka yangu mkubwa alitoka asubuhi moja, miaka mitatu kabla, na hakurudi. Mtu fulani alimwambia mama kwamba gari lililomchukua lilielekea ziwani. Hatukupata kujua zaidi ya hapo. Tangu siku ile mama hakula samaki, hata wale wadogo wa ndagala. Uani kwetu ziwa Tanganyika linaonekana lote, na yeye alikigeuza kiti chake kikatazama milima. Mimi, ninayedai ushahidi kwa kila kitu, niliwahi kumwambia kwamba neno la mtu mmoja si ushahidi. Alijibu kwamba anajua. Kiti hakukigeuza.

Mzee alisema masomo matano yatakuwa kwenye majani nyuma ya kanisa na la sita ziwani, Kibenga. Mama aliniambia atakuja kwenye hayo matano tu.

Tulikuwa watu wanane na fimbo nne za kuvulia. Mwishoni mwa uzi, badala ya ndoano, mzee alifunga kipande cha sufu nyekundu, nasi tukavua majani. Aliyenichekesha zaidi alikuwa fundi wa magari wa Buyenzi, baba wa watoto sita. Mzee alikuwa amempelekea gurudumu la kukunjia uzi alitengeneze, naye akaja kuona linafanya kazi gani.

Ili tusirushe viwiko hovyo, mzee alituagiza tubane kitabu kwapani. Fundi alileta kitabu cha injini za dizeli. Mama alileta kitabu chake cha nyimbo. Mimi nilileta tasnifu yangu ya kumalizia chuo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nene.

"Kumbe ilikuwa na kazi," mama alisema.

Kazi yenyewe ni ya kungoja. Uzi unautupa nyuma kwanza, unauacha ujinyooshe wote hewani, ndipo unaurudisha mbele. Ukiharakisha, uzi unalia kama mjeledi. Wangu ulilia Jumamosi mbili mfululizo.

"We wa iniversite," fundi aliniambia, "unamuvua samaki ao unamuchapa?"

Nilimuuliza mzee ningoje kwa sekunde ngapi, na kwa nini hizo na si nyingine. Akacheka, akampa mama fimbo. Mama aliutupa uzi nyuma, akatulia, kisha mkono wake ukaenda mbele taratibu, na ile sufu ikatua pale pale alipotazama.

"Unakuvuta mkono kidogo," aliniambia. "Ukikuvuta, basi, ndiyo saa yake."

Nilimwonea wivu. Pia nilitazama sana ule mgongo wake ulionyooka, kwa kuwa nilikuwa nimeuzoea ukiwa umeinama. Jumamosi moja milio ya risasi ilisikika upande wa Kinama. Tukaweka fimbo chini, tukakaa kwenye majani, na ilipokwisha mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

Somo la tano lilikuwa la kumshika samaki. Mzee alileta beseni la maji na kipande cha sabuni badala ya samaki: unalowesha mikono kwanza usimchubue, unamshika bila kumbana, unamwelekeza kwenye maji, unangoja aondoke mwenyewe.

Fundi aliishika ile sabuni akaitazama. "Mzee, mi sielewi. Unamukamata, unamuangalia, unamurudisha. Jioni nyumbani tunakula nini, habari yake?"

Watu walicheka. Nilimuunga mkono kwa hotuba ndefu: huo ni mchezo wa walioshiba, nilisema, na katika nchi hii ni karibu matusi. Mama, ambaye hakuwa ameuliza swali tangu somo la kwanza, aliuliza.

"Wote wanarudishwa?"

"Wote, mama."

"Hakuna anayeliwa?"

"Katika masomo yangu, apana."

Alisuuza mikono yake povu likaisha. Njiani kurudi aliniuliza Jumamosi tutaondoka saa ngapi kwenda Kibenga.

Jumamosi hiyo wanajeshi wa kizuizi cha njiani walifungua mifuko ya fimbo, wakatutazama, wakatuachia. Ziwa lilikuwa limetulia. Mzee alikagua matete kama kuna kiboko, akafunga ndoano za kweli, na wenzetu wakakunja suruali wakaingia. Mama alibaki mchangani amesimama, mikono ndani ya kitenge. Nilikaa karibu naye. Niliwaambia wengine kwamba nangoja zamu.

Fundi alimpata samaki aitwaye kuhe, bado mdogo, mrefu kidogo kuliko kiganja. Alisema bismillahi, akamshika kama tulivyofundishwa, lakini hakumteremsha majini.

"Mzee. Huyu ni muchuzi."

"Tulikubaliana," mzee alisema.

Fundi hakusogea. Ndipo nikaona kandambili za mama ziko mchangani na yeye yuko majini hadi magotini, kitenge kimelowa. Alilowesha mikono yake, akaikinga mbele ya fundi.

"Nipe, baba."

Akampa. Mama aliinama akamweka samaki ndani ya maji, katikati ya viganja. Samaki alikaa. Mashavu yake yalifunguka na kufungika, na mama alikuwa akimwambia maneno ambayo sikuyasikia. Kisha samaki hakuwepo, na viganja vikabaki vile vile, wazi, chini ya maji.

"Mama, umerudisha chakula ya batoto wangu," fundi alisema polepole.

"Kesho uwalete. Nitawapikia maharage."

"Na ndizi?"

"Na ndizi."

Alicheka, na mama akacheka. Lakini hakutoka majini. Nilimwita, nikamwambia nguo zimelowa, atapata homa. Aligeuka akanitazama: viatu, soksi, fimbo ya zamu yangu ingali kavu mkononi, nimesimama pale mchanga ulipokuwa bado mkavu.

"Na wewe?"

"Mi naangalia."

"Tangu asubuhi unaangalia."

Nilitaja mamba. Nilitaja kichocho, na vile nilivyosoma juu ya konokono wa matete. Aliningoja nimalize yote.

"Mwanangu," alisema. "Toa viatu."

Alininyooshea mkono. Nilikaa chini nikafungua kamba, na fundo la kiatu cha pili lilinichukua muda mrefu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilishika mkono wake, nikapiga hatua moja, kisha nyingine. Chini kulikuwa na mchanga tu.