Zamu ya Bathsheba

Nereah Achola aliuza samaki pale Nyakoe, na kama kuna kitu alichokijua vizuri, ni kumtambua mnunuzi asiyetaka kununua. Mtu wa namna hiyo huanza kwa kusifu samaki wako, akauliza habari za watoto, kisha ghafla akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo Mwalimu Mogire, mwenyekiti wa jumuiya, alipofunga kitabu cha maisha ya watakatifu na kuanza kuisifu imani ya Bathsheba, Nereah alishajua kinachokuja.

"Mama yetu Bathsheba ni nguzo," alisema Mogire. "Ila kwa kujali afya yake, kamati imeona misa ya sikukuu ifanyike kwangu. Hata gari la padre litapata pa kuegeshwa."

Jumuiya yao ilikuwa ya Mtakatifu Martin de Porres, na sala ya kila wiki ilihama nyumba hadi nyumba. Mwenye zamu ndiye aliyepika chai. Mwaka huu sikukuu ya mtakatifu wao ilikuwa imeangukia zamu ya Bathsheba, mjane mzee mwenye kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kidonda kilinuka. Tangu kianze, zamu yake ilirukwa kila ilipofika. Badala yake alipelekewa unga na sukari, akapigwa picha akiwa amevishika. Siku hiyo hakuwepo kujitetea.

"Mwalimu," Nereah alisema, "hebu turudishe pale ulipotusomea sasa hivi. Pale pa ombaomba."

Mogire alikuwa amesoma kwa sauti tamu ya darasani: jinsi Bruda Martin, mtoto wa mama aliyewahi kuwa mtumwa, mfagiaji wa nyumba ya watawa, alivyomwokota ombaomba aliyejaa madonda akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Mwenzake alipomgombeza kwa kuchafua mashuka, akajibu kwamba mashuka hutakata kwa sabuni kidogo tu.

"Nereah, usituletee mambo ya soko hapa."

"Sokoni watu wana haya kuliko hapa! Mtu akichukia harufu ya samaki wangu ananiambia wananuka. Haniambii anajali afya yao."

Wachache walicheka. Ndipo Esnah, mkewe Mogire, akasema polepole, "Haki, leo mama samaki ndiye wa kutufundisha harufu?"

Sasa walicheka wote. Nereah alihisi masikio yanawaka. Alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa na beseni moja la omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameshaitwa kila jina. Lakini hili, mbele ya picha ya mtakatifu aliyeshika ufagio, lilimchoma hadi ndani.

"Sawa," alisema. "Misa iwe kwako, Mwalimu. Lakini Bathsheba akae mstari wa mbele."

"Akiweza kufika, karibu sana," Mogire akajibu upesi, kama mtu anayetaja bei akijua hutaikubali.

Atafika, Nereah aliapa moyoni. Atafika, na mtavuta hiyo harufu mpaka baraka ya mwisho.

Asubuhi ya sikukuu alisugua mkokoteni wake wa samaki kwa sabuni na ndimu, akatandika godoro na leso mbili, akausukuma mlimani akitunga maneno ya kumwambia Esnah. Yalikuwa maneno mazuri. Mengine aliyacheka mwenyewe njiani.

Alipofika kwa Bathsheba, alisimama. Ua ulikuwa umefagiliwa hadi barabarani. Sakafu ilikuwa imepakwa upya kwa mavi ya ng'ombe. Jikoni ndizi zilitokota kwenye sufuria kubwa, na chai ya maziwa ilikuwa imefunikwa. Mama mzee alikuwa ameketi mlangoni, mguu umefungwa kitambaa cheupe, kitambaa kingine cheupe kichwani.

"Padre yuko nyuma?" Bathsheba aliuliza.

"Misa iko kwa Mwalimu, mama. Nimekuja kukubeba."

"Tangu lini iko kwa Mwalimu?"

"Tangu wiki jana."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Lakini nilitaka wakuone pale mbele, wakose pa kuficha nyuso—"

"Waone nini? Mguu?" Bathsheba aligonga fimbo chini. "Mogire ananificha, wewe unataka kunitembeza. Kuna aliyeniuliza? Mimi ni samaki, nipakiwe kwenye mkokoteni nipelekwe kwa wateja?"

"Mama, mimi ndiye ninayekuosha hicho kidonda! Kila wiki! Wako wapi hao wengine?"

"Unaosha, ndiyo. Na soko zima linajua unaosha." Mama mzee alimkazia macho. "Umewahi kunywa chai yangu?"

Daima Nereah alikuwa na haraka ya soko. Daima kikombe kilipotokea, yeye alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mogire anaogopa harufu yangu," Bathsheba alisema. "Na wewe?"

Kutoka kwa Mwalimu kayamba zilianza kulia. Misa ilikuwa imeanza. Kama angemshika mama huyu kwa nguvu na kumpakia, wangewahi masomo. Nereah alilitazama godoro, akayatazama maneno yake yote mazuri yakiharibika kama samaki wa juzi. Akaingia ndani, akaketi.

Chai ilikuwa na utando wa maziwa juu. Mguu ulikuwa karibu naye, na harufu ilifika hadi kwenye kikombe. Alikunywa hata hivyo, akiwa amekasirika, hadi chini. Bathsheba akajaza tena bila kumuuliza.

"Hiki chakula chote kitaliwa na nani?" mama mzee alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka.

Nereah aliondoka bila mkokoteni. Alifika langoni kwa Mogire watu wakitoka misani, Esnah amesimama karibu na meza yenye kitambaa cha maua. Maneno yote yalikuwepo ulimini. Aliyameza moja moja, nayo yalikuwa machungu kuliko ile chai ya kwanza.

"Padre," alisema, "chai ya jumuiya iko kwa Bathsheba. Ni zamu yake. Ameshapika."

Padre alimtazama Mogire. Mogire aliangalia viatu vyake. Padre akaanza kutembea, na watu wakalazimika kumfuata, wengine wakinung'unika. Mwisho kabisa alikuja Mwalimu, akasimama nje ya mlango.

"Ingia, Mwalimu," Bathsheba aliita, "au unangoja nikupige picha?"

Aliingia. Akapewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

"Kunywa, usiogope. Sukari ni ile yenu."

Vikombe havikutosha. Nereah alikuwa uani, amechuchumaa kwenye karai, akiosha vinavyorudi ili vijazwe tena. Ndani alimsikia mama mzee akiwashukuru wageni kwa majina: padre, kamati, hata Esnah. Jina lake halikutajwa. Alisugua kikombe kwa hasira hadi maji yakamrukia usoni.

"Nereah!" sauti ya Bathsheba ilitoka ndani. "Vikombe vinachelewa!"

Alivipanga kwenye sinia, akavipeleka.