Mdomo wa Babu

Babu yangu ameishi nchi ya watu miaka thelathini, na lugha yao anajua neno moja tu: asante. Mengine yote alimtwika Shangazi, binti yake wa pekee, tangu akiwa na miaka kumi. Hospitali, ofisi ya vibali, kwa mwenye nyumba, Shangazi ndiye mdomo wake. Na hakuwahi kugeuza hata neno. Babu alimfundisha kwamba mkalimani muongo ni sawa na mwizi, naye akashika.

Alipofika ishirini na minne, fundi bomba mmoja, mwenyeji wa hapa, alikuja kumposa. Alikaa kwenye kochi letu, kofia mapajani. Babu akamgeukia Shangazi.

"Mwambie humtaki."

"Baba, lakini mimi..."

"Nimesema mwambie!"

Akamwambia. Kwa mdomo wake mwenyewe, na fundi wa watu angeachaje kuamini? Alikwenda zake, akaoa kwingine. Shangazi akabaki na cherehani yake dirishani, akipunguza magauni ya harusi za wenzake. Babu huwaambia wageni kwamba binti yake hakuwa na bahati. Bahati! Ana macho makavu mzee huyu.

Mwaka huu, Bibi akiwa na miaka mitatu kaburini, Babu akapenda. Alimpenda muuguzi mstaafu wa ghorofa ya pili, mama mpole asiyejua hata salamu ya lugha yetu. Akamwalika chai. Akavaa koti ambalo Shangazi alilipiga pasi mara mbili.

"Mwanangu," alisema, "mwambie nyumba hii haina mtu. Mwambie nataka tuzeeke pamoja."

Haina mtu! Na sisi wawili tumekaa pale pale.

Shangazi aliweka kikombe chini. Akamwambia muuguzi kwa lugha yake, taratibu: "Baba anasema hakutaki. Anakuomba usije tena."

Mimi nilielewa kila kitu. Ningeweza kusahihisha. Malipo ni hapa hapa duniani, nikajisemea, nikachukua biskuti.

Muuguzi akainuka, machozi yakimlengalenga, akatoka.

"Amesemaje?" Babu akauliza.

"Hajasema kitu, Baba. Mimi ndiye niliyesema. Nimemwambia humtaki."

Babu alilishika kochi lile lile, akainuka. Kisha akakurupuka hadi ngazini, mguu mmoja bila kiatu, akamwita yule mama kwa neno pekee alilonalo.

"Asante! Asante!"

Muuguzi akaongeza mwendo.